Kurahisisha sehemu za aljebra: kata kigawo, usikate kipande

Mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kuna ndoo 7 za dagaa na watu 4 wa kugawana. Wakigawana sawa, kila mmoja anapata ndoo moja na robo tatu. Sasa mmoja wao achukue ndoo 1 aondoke zake. Zimebaki ndoo 6 kwa watu 3, na kila aliyebaki anapata ndoo 2. Tumepunguza 1 juu na 1 chini, na mgawo umebadilika.

Mahali pa ile 1 weka herufi x. Sehemu yetu inakuwa (x + 6)/(x + 3). Ukichora mstari juu ya x ya juu na x ya chini, ukaandika 6/3 = 2, umefanya kama yule mtu aliyeondoka na ndoo. Jibu 2 si jibu la sehemu uliyopewa. Katika madaftari ya Kidato cha Kwanza hadi cha Nne, hili ni kosa linalokula alama nyingi kwenye mada hii, na sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kulizuia.

Tazama hesabu nyingine: ndoo 12 kwa watu 8. Wapange watu katika makundi 4. Kila kundi lina watu 2 na ndoo 3, kwa hiyo kila mtu anapata ndoo moja na nusu, sawasawa na 12/8. Hapa hakuna aliyeondoka. Tumegawanya juu kwa 4, tukagawanya chini kwa 4, na mgawo umebaki uleule. Kukata katika sehemu ni hiki tu: kugawanya juu nzima na chini nzima kwa kitu kimoja.

Maneno tutakayotumia

Shule ya msingi ulijifunza kwamba namba ya juu ya sehemu ni kiasi na ya chini ni asili. Ulijifunza pia KKS, kigawo kikubwa cha shirika, na KDS, kigawe kidogo cha shirika. Ukiingia sekondari vitu hivyohivyo vinaletwa kwa majina ya Kiingereza, na wengi wanadhani ni somo jipya. Si jipya. Yote uliyofanya na 12/8 yanafanyika na herufi, kwa sababu herufi ni namba ambayo hatujaambiwa bado ni ngapi.

Tofauti ya kushika ni kati ya kipande na kigawo. Kipande ni kile kinachotengwa na mwenzake kwa alama ya + au −. Kigawo ni kile kinachozidishwa na mwenzake. Katika 6x + 12 kuna vipande viwili, 6x na 12. Ukiandika mtajo huohuo kama 6(x + 2), sasa una vigawo viwili, 6 na (x + 2). Thamani ni ileile, umbo ndilo limebadilika. Katika umbo la kwanza hakuna kinachoruhusiwa kukatwa kikiwa peke yake. Katika umbo la pili kila kimoja kinaweza kukatwa kikipata mwenzake ng'ambo ya mstari.

Jambo moja la uandishi. Kwenye daftari tunaandika sehemu kwa mstari wa kulala, si kwa mkwaju (/) kama hapa. Mstari ule ni mabano. Chochote kilicho juu yake kimefungwa pamoja, na chochote kilicho chini yake vilevile, hata kama hakuna mabano yaliyochorwa. Jizoeze kuyachora kwa penseli kabla ya kuanza kazi. Makosa mawili makubwa utakayoyaona mbele yanatokana na kuyasahau.

Hatua nne, kwa mpangilio huu

Kwanza, geuza juu na chini kuwa vigawo. Pili, tazama asili na uandike pembeni namba ambazo herufi hairuhusiwi kuwa. Tatu, kata vigawo vinavyofanana. Nne, hakiki kwa kuweka namba. Usiruke kutoka kwenye swali hadi hatua ya tatu, hata swali likionekana jepesi.

Anza na sehemu isiyo na vipande, maana humo hakuna mtego mkubwa: 18x³y/(24xy²). Kila kitu tayari kinazidishwa. KKS ya 18 na 24 ni 6, zinabaki 3 juu na 4 chini. x³ ni x mara x mara x. Moja inakatwa na x ya chini, zinabaki mbili juu. y² ni y mara y. Moja inakatwa na y ya juu, inabaki moja chini. Jibu ni 3x²/(4y), ambapo x wala y si 0. Ukizoea, utatoa kipeo cha chini kutoka kipeo cha juu moja kwa moja: 3 − 1 = 2. Wanaokosea hapa hugawanya vipeo badala ya kutoa, wakasema x⁶/x² ni x³. Ziandike x zote sita kwa urefu, ukate mbili, uhesabu zilizobaki. Ni nne.

Sasa ile ya vipande: (6x + 12)/(3x). Mkono unawasha kukata 6x na 3x, ukaandika 2 + 12 = 14. Subiri. Juu kuna vipande viwili, na 12 haina x ya kukopesha. Toa kilicho cha pamoja nje ya mabano: 6(x + 2)/(3x). Sasa 6 ni kigawo cha juu nzima na 3 ni kigawo cha chini nzima, kwa hiyo 6 kwa 3 ni 2. Jibu ni 2(x + 2)/x, x isiwe 0. Hiyo x iliyo ndani ya mabano imefungwa na 2, haikatwi na x ya chini. Mwalimu akipenda uandike (2x + 4)/x, ni sawa pia. Ila ukifungua mabano mapema utashawishika kukata tena, kwa hiyo yaache yamefungwa hadi mwisho.

Njia tatu za kupata vigawo

Ya kwanza ni hiyo ya kutoa cha pamoja nje, na ndiyo ya kujaribu kabla ya nyingine zote. Ukiikumbuka tu pale njia nyingine zinaposhindikana, utapambana na namba kubwa bila sababu.

Ya pili ni tofauti ya vipeo vya pili viwili: a² − b² = (a − b)(a + b). Kila ukiona kipeo cha pili, alama ya kutoa, kisha namba kama 1, 4, 9, 16, 25, 36, 49, ijaribu. x² − 9 ni (x − 3)(x + 3). Pia 4x² − 25 ni (2x − 5)(2x + 5). Lakini x² + 9 haivunjiki kwa namba za kawaida tunazotumia shuleni. Wanafunzi huandika (x + 3)(x + 3), na ukiyafungua hayo unapata x² + 6x + 9. Kile kipande cha katikati, 6x, hakikuwemo kwenye swali.

Ya tatu ni mitajo ya vipande vitatu kama x² + 5x + 6. Tafuta namba mbili ambazo zikizidishwa zinatoa 6 na zikijumlishwa zinatoa 5. Ni 2 na 3, kwa hiyo (x + 2)(x + 3). Kama namba ya mwisho ni chanya, zile namba mbili zina alama moja, ile ya kipande cha katikati. Kama ni hasi, moja ni chanya na nyingine ni hasi. Ukijua hilo, unapunguza kubahatisha kwa nusu.

Tuziunganishe katika swali moja:

(x² − 9)/(x² + 5x + 6) = (x − 3)(x + 3)/[(x + 2)(x + 3)]

Kigawo (x + 3) kipo juu na chini. Kata chote, mabano kwa mabano. Jibu ni (x − 3)/(x + 2). Hapa ndipo wengi wanaharibu jibu zuri: wanaona x juu na x chini, wanakata tena. x − 3 ni vipande, x + 2 ni vipande. Simama.

Panapokuwa na namba mbele ya x², mfano 2x² + 7x + 3, zidisha ya kwanza na ya mwisho: 2 × 3 = 6. Tafuta namba mbili zenye zao la 6 na jumla ya 7, yaani 6 na 1. Zitumie kupasua kipande cha katikati: 2x² + 6x + x + 3. Shika viwili viwili: 2x(x + 3) + 1(x + 3). Ile 1 iandike, usiiache hewani. Asiyeiandika humaliza na 2x(x + 3) tu na kigawo cha pili kimempotea. Mwisho wake ni (2x + 1)(x + 3). Kwa hiyo (2x² + 7x + 3)/(x² − 9) inakuwa (2x + 1)/(x − 3).

Namba zilizokatazwa

Huwezi kugawa ndoo 7 kwa watu 0 ukapata jibu. Asili ya sehemu haiwi sifuri kamwe, na kwa kuwa asili yetu ina herufi, lazima tuseme herufi isiwe nini. Ukishavunja asili kuwa vigawo, kazi ni nyepesi: uliza kila kigawo kinakuwa sifuri lini. Kwa (x + 2)(x + 3), x isiwe −2 wala −3.

Andika hayo kabla ya kukata. Sababu ni hii. Baada ya kukata, jibu letu lilikuwa (x − 3)/(x + 2), na humo hakuna dalili ya −3. Weka x = −3 kwenye jibu: −6 kwa −1 ni 6. Weka x = −3 kwenye swali: 0 kwa 0, hakuna jibu. Vitu viwili vinavyotofautiana mahali pamoja si sawa mahali hapo, kwa hiyo jibu kamili ni (x − 3)/(x + 2), x ≠ −2, x ≠ −3. Sharti lililofutika pamoja na kigawo ndilo linalosahaulika zaidi. Kazi zenu zikisahihishwa bila kudai masharti haya, yaandike hata hivyo. Ukifika kwenye grafu za sehemu za aljebra utahitaji kujua kwa nini mstari una tundu mahali fulani.

Juu na chini zinapotazamana kinyume

(5 − x)/(x² − 25). Chini ni (x − 5)(x + 5). Juu ni 5 − x, inayofanana na x − 5 lakini si yenyewe. Chukua namba yoyote: x ikiwa 10, 5 − x ni −5, na x − 5 ni 5. Moja ni hasi ya nyingine daima. Basi toa −1 nje: 5 − x = −1(x − 5). Sasa kata (x − 5), inabaki −1/(x + 5), x isiwe 5 wala −5.

Makosa mawili yanaishi hapa. La kwanza ni kukata (5 − x) na (x − 5) kama vile ni kitu kimoja na kupata 1/(x + 5), alama imepotea. La pili ni kuandika jibu kuwa 0 au kuacha juu patupu kwa sababu "vyote vimekatika". Kigawo kikikatwa kinaacha 1, hakiachi 0, maana kitu kugawanywa kwa chenyewe ni 1. Kwa upande mwingine, 5 + x na x + 5 ni kitu kilekile kabisa, hakuna −1 yoyote. Kugeuza mpangilio kunaleta alama ya hasi kwenye kutoa tu.

Kuhakiki kwa 10

Weka 10 mahali pa x kwenye swali, kisha kwenye jibu, ulinganishe. Tunapendelea 10 kwa sababu hesabu zake ni nyepesi na vigawo vinajionyesha vyenyewe. Ile ya juu: x² − 9 inakuwa 91, x² + 5x + 6 inakuwa 156. Sasa 91 ni 7 × 13, na 156 ni 12 × 13. Jibu letu (x − 3)/(x + 2) linatoa 7/12. Ile 13 iliyokatika ni nani? Ni x + 3 yenyewe. Mwanafunzi akiona hilo mara moja kwa macho yake, aljebra inaacha kuwa mazingaombwe. Nyingine: (2x² + 7x + 3)/(x² − 9) inatoa 273/91 = 3, na (2x + 1)/(x − 3) inatoa 21/7 = 3.

Usihakiki kwa 0 wala 1. Rudi kwa (x + 6)/(x + 3) na jibu bovu 2. Ukiweka 0 unapata 6/3, yaani 2, na kosa limepita mlangoni bila kuulizwa. Ukiweka 1, kila kipeo cha 1 ni 1, kwa hiyo aliyegawanya vipeo akapata x³ badala ya x⁴ ataonekana yuko sahihi. Usitumie pia namba uliyoikataza pembeni. Kama 10 imekatazwa, chukua 7.

Uhakiki huu unakamata kosa kwa hakika: majibu yakitofautiana, umekosea, hakuna mjadala. Yakilingana kwa namba moja bado inaweza kuwa bahati, kwa hiyo penye mashaka weka na namba ya pili. Tena, usikate namba za uhakiki ukadhani umegundua kigawo. (x + 2)/(x + 5) kwa 10 ni 12/15, inarahisika kuwa 4/5, lakini x + 2 na x + 5 hazina kigawo cha pamoja. Ile 3 imejitokeza kwa sababu tumechagua 10.

Kuzidisha na kugawanya

Hapa hakuna mengi. Vunja kila kitu kuwa vigawo, kwenye kugawanya geuza sehemu ya pili juu chini, kisha kata kabla ya kuzidisha. Mfano (x² − 4)/(3x) ÷ (x + 2)/(6x²):

(x − 2)(x + 2)/(3x) × 6x²/(x + 2) = 2x(x − 2)

Kwa 10: 96/30 ni 3.2, na 12/600 ni 0.02, 3.2 ÷ 0.02 = 160. Jibu: 20 × 8 = 160. Masharti: x isiwe 0, wala −2. Hiyo −2 inatoka kwenye kiasi cha sehemu ya pili, kwa sababu kikiwa sifuri tutakuwa tunagawanya kwa sifuri. Geuza ile ya pili tu, ile baada ya alama ya ÷. Na usikate kitu chochote kabla ya kugeuza.

Kujumlisha na kutoa

Neno aljebra limetokana na Kiarabu, al-jabr, kurudishia kilichovunjika mahali pake, kama mtu anavyounga mfupa. Al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, ndiye aliyelipa neno hilo nafasi yake katika hesabu. Tukijumlisha sehemu, kazi yetu inafanana na maana hiyo: kuleta vipande kwenye asili moja.

Kwa 5/(6x²) + 3/(4x), tafuta KDS ya asili. KDS ya 6 na 4 ni 12. Kwa herufi chukua kipeo kikubwa kilichopo, x². Asili ya pamoja ni 12x². Sehemu ya kwanza inahitaji kuzidishwa kwa 2 juu na chini, ya pili kwa 3x juu na chini: (10 + 9x)/(12x²). Ukichukua 24x³, zao la asili zote, utafika pia, ila kwa kubeba mzigo usiohitajika na kuupunguza tena mwishoni.

Kosa la kuchunga: mtu anazidisha yote kwa 12x² na kuandika jibu kuwa 10 + 9x. Amechanganya kurahisisha na kutafuta x kwenye mlinganyo. Kwenye mlinganyo kuna alama ya = na pande mbili, kwa hiyo unaruhusiwa kuzidisha pande zote na asili ikatoweka. Hapa hakuna upande wa pili. Asili haipotei mpaka ikatwe na kigawo cha juu.

Kutoa ndiko kwenye hatari zaidi:

5/(x − 2) − (x + 18)/(x² − 4)

Vunja asili ya pili: (x − 2)(x + 2). Hiyo ndiyo KDS, kwa kuwa asili ya kwanza imo ndani yake. Sehemu ya kwanza izidishwe kwa (x + 2) juu na chini:

[5(x + 2) − (x + 18)]/[(x − 2)(x + 2)]

Angalia mabano yaliyozunguka x + 18. Mstari wa sehemu ulikuwa umeyashika. Sasa mstari ni mmoja kwa wote na mabano yale lazima uyachore mwenyewe. Alama ya kutoa inaingia kwa vyote viwili: 5x + 10 − x − 18 = 4x − 8 = 4(x − 2). Kata (x − 2), jibu ni 4/(x + 2), x isiwe 2 wala −2. Aliyesahau mabano ataandika 5x + 10 − x + 18 = 4x + 28, hakuna kitakachokatika. Kwa 10, swali linatoa 60/96 − 28/96 = 32/96 = 1/3, na jibu letu 4/12 ni 1/3. Usichukulie kwamba kila jibu lazima likatike, ila swali la kutoa likigoma kabisa, kagua alama kwanza.

Faida yake nje ya daftari

Wafanyabiashara n wanakodi gari la kubeba dagaa kutoka Mwaloni Kirumba kwa shilingi T, wakichanga sawa. Akiongezeka mmoja, kila mtu anapunguziwa kiasi gani?

T/n − T/(n + 1) = [T(n + 1) − Tn]/[n(n + 1)] = T/[n(n + 1)]

Gari likiwa shilingi 120,000 na watu 5, kila mmoja anaokoa 120,000/30, yaani shilingi 4,000. Kweli: 24,000 ikashuka kuwa 20,000. Umbo lililorahisishwa linakuambia na jambo ambalo la kwanza lilificha: asili inakua haraka, kwa hiyo mtu wa pili kujiunga anawasaidia wenzake sana, wa ishirini karibu hakuna anayemhisi.

Mtumbwi wa injini nao. Kisiwa kiko umbali d kutoka mwaloni, mwendo wa mtumbwi kwenye maji yaliyotulia ni v, na upepo unauongezea w kwenda na kuupunguzia w kurudi. Muda wote wa safari:

d/(v + w) + d/(v − w) = [d(v − w) + d(v + w)]/[(v + w)(v − w)] = 2dv/(v² − w²)

Kwa kilometa 24, mwendo wa kilometa 10 kwa saa na upepo wa 2: kwenda saa 2, kurudi saa 3, jumla 5. Jibu: 480/96 = 5. Bila upepo ingekuwa saa 4.8. Kwa hiyo upepo unaokusaidia kwenda na kukukwaza kurudi haujilipi; w yoyote inapunguza asili na kurefusha safari. Na sharti la asili, v isiwe sawa na w, lina maana halisi kabisa: upepo ukifikia mwendo wa injini yako, kurudi hakuna.

Sehemu ndani ya sehemu

(1 − 1/x)/(1 − 1/x²) inatisha kwa sura tu. Tafuta KDS ya asili ndogo zote, hapa ni x², uzidishe juu nzima na chini nzima kwa hiyo: (x² − x)/(x² − 1) = x(x − 1)/[(x − 1)(x + 1)] = x/(x + 1). Kumbuka kuzidisha na ile 1 pia. Ukiisahau, kila kinachofuata ni bure. x isiwe 0, 1 wala −1.

Mazoezi

(a) (8x² − 12x)/(4x)
(b) (x² − 7x + 12)/(9 − x²)
(c) (3x² − 12)/(x² + 4x + 4)
(d) 3/(x − 1) − (x + 5)/(x² − 1)
(e) (x² + 9)/(x + 3)

Majibu. (a) 2x − 3, x si 0. Ukipata 2x − 12x au 8x² − 3, ulikata kipande kimoja ukaacha cha pili. (b) (4 − x)/(x + 3), x si 3 wala −3. Kwa 10 ni −6/13. (c) 3(x − 2)/(x + 2), x si −2. Toa 3 nje kwanza, la sivyo hutaiona tofauti ya vipeo, na kwa 10 inatoka 2. (d) 2/(x + 1), x si 1 wala −1. Kwa 10 ni 2/11. (e) Hairahisiki. x² + 9 haina vigawo vya kutufaa, kwa hiyo iandike kama ilivyo, weka x ≠ −3, uende swali linalofuata.